Kamera iingie wodini, uso wa mgonjwa ubaki wake

Mwezi Mei 2020 kamera zilifika Kanyinya, kituo cha matibabu ya korona pembezoni mwa Kigali, kupokea wageni watano. Wageni hao walikuwa roboti. Zilikuwa nyeupe, zina skrini kifuani, na kila moja ilishapewa jina la Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Serikali, ikisaidiwa na shirika la UNDP la Umoja wa Mataifa, ilieleza kwamba zingepima joto la mwili, zingepeleka chakula na dawa vyumbani, na zingempunguzia daktari safari za kuingia kwa mwenye virusi. Picha zake zikazunguka dunia. Mtu wa Mombasa au Muscat ambaye hakuwahi kuisikia Kanyinya aliijua kwa roboti.

Kati ya majina hayo matano, Ikizere ndilo lenye uzito katika mjadala huu. Kwa Kinyarwanda neno hilo ni imani, ile anayokuwa nayo mtu kwa mwenzake akijua hatamwangusha. Wakati wa mlipuko wa ugonjwa imani hiyo hupimwa kila jioni, katika kila nyumba iliyojifungia, kwa swali moja: huko hospitali hali ikoje hasa? Roboti iliyopigwa picha siku ya kukabidhiwa hailijibu. Haisemi imebaki mitungi mingapi ya oksijeni, wauguzi wa zamu ya usiku ni wangapi, wala mgonjwa aliyeletwa peke yake analishwa na nani. Majibu yako ndani, nyuma ya mlango ambao mwandishi wa habari huukuta umefungwa.

Je, afunguliwe? Afunguliwe, tena mapema, kabla uvumi haujamtangulia. Ila akishaingia, ajue kwamba hospitali inaweza kumwonyesha vitanda vyake, dawa zake na watumishi wake, lakini haina mamlaka ya kumgawia mgonjwa.

Hasara ya kuufunga mlango kabisa inajulikana vizuri ukanda huu. Takwimu za korona za Tanzania zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mzima hesabu hiyo haikusogea. Nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na video za simu zilizodaiwa kuwa za mazishi ya usiku, nyingine za kweli, nyingine za uongo, na hakukuwa na mtu wa kuzitenganisha. Tarehe 17 Februari 2021 nchi ilipoteza viongozi wawili kwa siku moja: Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Uvumi ukamzika na wa tatu akiwa bado hai, Dk. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Tarehe 23 akasimama mbele ya kamera katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kukanusha kifo chake mwenyewe. Alikohoa, akahema, maneno yakamkatika katikati ya sentensi, na hakuwa na barakoa. Picha iliyokusudiwa kuwatuliza watu ikawatia hofu zaidi.

Waliomcheka siku ile walikosea. Alikuwa mgonjwa aliyetakiwa kubeba mwilini mwake mzigo ambao ungebebwa na takwimu za kila siku na mwandishi mmoja mwenye ruhusa ya kuingia wodini. Ukimya ulimnyima hata nafasi ya kuugua kwa utulivu.

Mfano wa upande wa pili ni wa Italia. Machi 2020, katika siku zile zile Rwanda ilipofunga mipaka na kuwataka watu wakae majumbani, timu ya televisheni ya Uingereza, Sky News, iliingia Hospitali ya Papa Giovanni XXIII mjini Bergamo. Watazamaji wakaona wagonjwa waliovalishwa kofia za plastiki kama mapovu ili wapate hewa, na madaktari wakipishana kwa haraka kati ya vitanda vilivyojaa hadi kwenye korido. Hadi siku hiyo Waingereza wengi waliuona ugonjwa ule kama mafua makali ya watu wa mbali. Hakuna tangazo la wizara ambalo lingefanya kazi ile.

Lakini somo lililo karibu zaidi na Kigali lilitoka ng'ambo ya mpaka, na halikutoka kwenye televisheni. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini mwaka 2018, watu wa Beni na Butembo waliona ndugu zao wakiingizwa kwenye mahema na kutoka wakiwa wamefungwa ndani ya mifuko. Wengine waliamini kwamba ndani ya mahema yale watu walikuwa wakiuawa, na viungo vyao kuchukuliwa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili mwaka huo Dk. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akauawa kwa risasi Butembo. Mlipuko ule ulidumu hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287.

Shirika la tiba la ALIMA lilikuwa limeleta huko kitu kinachoitwa CUBE: chumba kidogo chenye kuta za plastiki angavu na mikono ya glavu iliyoshonewa ukutani. Muuguzi aliweza kumhudumia mgonjwa bila kuingia. Na mama aliweza kusimama nje, hatua moja tu kutoka kitandani, akamwona mwanawe anakunywa maji. Aliyeona hivyo hakuhitaji kuelezwa na redio kwamba hakuna anayekatwa viungo mle ndani.

Jambo hili, kwamba ndugu wa mgonjwa aone kwanza, halina budi kushikwa kwa nguvu, kwa sababu hapo ndipo mjadala wa kamera unapopotoka mara nyingi. Waandishi hudai mlango ufunguliwe kwa jina la umma, na wanayo haki. Ila kuna watu wanaotangulia umma kwenye foleni ile. Nchini Rwanda, kama kote Afrika Mashariki, mtu haendi kulazwa peke yake. Huenda na wa kumuuguza, anayemletea uji, anayemfulia, anayemwita muuguzi dripu ikiisha na anayesema "hapana" pale mgonjwa anaposhindwa kusema. Janga mara nyingi humwondoa mtu huyu. Siku ambayo kamera inatamani zaidi kuingia ndiyo siku ambayo ndugu amezuiwa getini, kwa hiyo mgonjwa anayekutwa na kamera ni mgonjwa asiye na mtetezi.

Kilichotokea New York kinaonyesha uchungu wa hali hiyo. Mwaka 2011 mzee mmoja aligongwa na lori la taka, akakimbizwa hospitali, akafariki. Chumbani mlikuwa na kamera za kipindi cha televisheni kuhusu kazi za madaktari, na familia haikuambiwa. Mwaka uliofuata mjane wake aliwasha televisheni nyumbani kwake usiku, akausikia mwisho wa maisha ya mumewe. Uso ulikuwa umefifishwa, kama wahariri wanavyopenda kujitetea. Alimtambua kwa sauti. Mwaka 2016 serikali ya Marekani iliitoza hospitali ile dola milioni 2.2, na Mei 2020, korona ikiwa imepamba moto, ikazikumbusha hospitali zote kwamba kuficha sura baada ya kupiga picha hakuchukui nafasi ya ruhusa ya mgonjwa kabla ya kupiga.

Hata ruhusa yenyewe ina mitego. Tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilimtambulisha kwa taifa mwanamke kijana aliyekuwa mgonjwa wake wa kwanza na sasa amepona. Rais Uhuru Kenyatta alizungumza naye kwa video, televisheni zikamkaribisha, naye akasimulia kwa ujasiri ili wengine wasiogope kupimwa. Kabla ya siku mbili kupita, mitandao ilikuwa imemgeuzia kibao. Wakamwita mwigizaji aliyelipwa, wakasambaza picha na mazungumzo yake ya faragha. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alilazimika kusimama hadharani kumtetea. Mwanamke yule aliridhia, na alikuwa mzima wa afya. Pengine hakuna aliyemweleza kwamba ridhaa yake ingefungua na milango mingine ambayo hakuna waziri angeweza kuifunga tena.

Basi, turudi Kigali.

Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza kuwepo kwa virusi vya Marburg nchini. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye pango la mgodi lenye popo. Ila ugonjwa haukuenea mgodini. Ulienea kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Kati ya watu 66 waliothibitishwa, takriban wanne katika kila watano walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wakitoka hospitali mbili kubwa za Kigali. Watu 15 walifariki. Tarehe 20 Desemba mlipuko ulitangazwa kwisha, na ni wagonjwa wachache kuliko kawaida ya Marburg waliokuwa wamepoteza maisha. Hilo ni jambo ambalo wauguzi na madaktari wa nchi hii wanastahili kupewa heshima yake bila masharti.

Zile wiki za mwanzo zilikuwa na kanuni kali. Kutembelea wagonjwa kulisimamishwa kwa siku 14, kila mgonjwa akabakiziwa mtu mmoja wa kumuuguza, na mazishi ya aliyefariki kwa Marburg hayakuruhusiwa kuzidi watu 50. Wizara ilitoa hesabu kila siku, na Waziri wa Afya, Dk. Sabin Nsanzimana, alijibu waandishi kwa njia ya video mara kwa mara. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alipokuja Oktoba, alieleza habari za wagonjwa wawili waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, wakatolewa mpira kooni na kupona, jambo ambalo Afrika haikuwahi kulifanya kwa mgonjwa wa Marburg. Dunia iliipata habari ile nzima, na wagonjwa wale hawakulazimika kutambulishwa hadharani.

Fikiria kama kamera ingeingia. Mtu aliyelala pale ni muuguzi. Wanaomhudumia ni wenzake wa zamu. Kigali ilikuwa na watu milioni 1.7 katika sensa ya 2022, ila jamii ya wauguzi wa vyumba vya mahututi ni ndogo kiasi cha kujuana kwa mwendo. Ungeufifisha uso, ungebadili sauti, na bado jirani wa Remera au Nyamirambo angejua ni nani kwa saa ya mkononi au kwa namna anavyokaa. Kesho yake watoto wa muuguzi yule wangenyooshewa kidole shuleni, na mwenye nyumba angekumbuka ghafla kwamba anakihitaji chumba chake. Kizazi kilichokua katika miaka ya UKIMWI hakihitaji kufundishwa jinsi ugonjwa unavyogeuka jina la mtu.

Rwanda ina sababu nyingine ya kuwa na uangalifu hapa. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilitaja hewani majina ya watu na mahali walipojificha, na watu wakauawa. Hakuna anayemlinganisha mhariri wa leo na redio ile. Lakini taifa lililopitia hayo linaelewa kuliko mengine uzito wa kumtambulisha mtu hadharani wakati wa hofu kuu. Uelewa huo umeingia hata kwenye sheria. Kifungu cha 23 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu na familia yake, na Sheria Na. 058/2021 ya ulinzi wa taarifa binafsi inaweka hali ya afya kati ya taarifa nyeti, na kumpa aliyeridhia haki ya kuiondoa ridhaa yake baadaye.

Hapo ndipo wengi wangeishia: sheria ipo, faragha ni takatifu, mlango ufungwe. Hiyo nayo ni hila. Kifungu cha 38 cha Katiba hiyo hiyo kinatambua uhuru wa vyombo vya habari na haki ya kupata habari, na tangu 2013 nchi ina sheria ya kupata habari kutoka taasisi za umma. Hospitali ya umma ni ya umma. Idadi ya vitanda vyake haina faragha, wala bohari ya glavu haina siri ya familia. Mkurugenzi anayejificha nyuma ya pazia la mgonjwa ili mitungi mitupu isionekane anamtumia mgonjwa yule yule anayedai kumlinda.

Na swali la nani anashika kamera haliepukiki. Picha nyingi kutoka ndani ya vituo vya matibabu hupatikana siku ya kukabidhi msaada au kiongozi anapozuru, na wakati huo sakafu imeshapigwa deki na mgeni anaonyeshwa chumba kilichochaguliwa. Upande wa pili wako wenye vituo vya YouTube. Aprili 2020, wakati wa amri ya kukaa nyumbani, kadhaa kati yao walikamatwa, na Tume ya Vyombo vya Habari ya Rwanda (RMC) ikatangaza kwamba wanaorusha video huko hawahesabiki kuwa waandishi wa habari. Ni kweli kwamba baadhi yao wangeipeleka simu hadi mdomoni mwa anayekata roho ili wapate watazamaji. Lakini ukimwondoa asiye na kitambulisho, unabaki na deni la kumfungulia mwenye nacho. Mwanahabari aliyesajiliwa ambaye haruhusiwi kuona chochote hana la kumjibu yule wa simu.

Hospitali ikiamua kweli kufungua, kuna mengi ya kupiga picha bila kumgusa mgonjwa. Kuna mtambo wa oksijeni na fundi anayeutunza. Kuna chumba cha kuvulia mavazi ya kujikinga, ambako kosa dogo la mkono huweza kumwambukiza muuguzi, na ambako mtazamaji angejifunza mengi zaidi kuhusu Marburg kuliko kwenye hotuba kumi. Kuna alama za barakoa zilizobaki shavuni mwa mtu aliyekaa zamu ya saa 12. Kuna ubao wa zamu wenye majina yaliyofutwa kwa sababu wenyewe wamelazwa, na majina hayo yasionyeshwe, nafasi zilizoachwa zinatosha. Kuna geti, na watu waliokaa nje ya geti wakiwa na vikapu vya chakula. Wao wanaongea, na wanaweza kukataa kuongea.

Iingie kamera moja, picha zigawanywe kwa vyombo vyote, ili kati ya mavazi ya kujikinga ambayo yangevaliwa na wapigapicha watano, manne yavaliwe na wauguzi. Hospitali iwe na sauti katika mambo ya maambukizi tu: wapi pa kusimama, wakati gani wa kutoka, kifaa kisafishwe vipi. Isiwe na sauti katika kuchagua nini kirushwe.

Na mgonjwa? Akitaka kuonekana, huo ni uamuzi wake, na historia ya eneo hili inajua jinsi unavyoweza kuwa mkubwa. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Bongoley Lutaaya, alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, wakati watu wengi mashuhuri walikuwa wakifa kwa "ugonjwa wa muda mrefu". Aliruhusu kamera zimfuate mashuleni, makanisani na hadi kitandani, na filamu iliyotokana na safari hiyo ikabaki baada ya yeye kufariki Desemba mwaka huo. Kilichoipa nguvu picha ile ni kwamba Lutaaya ndiye aliyeita kamera. Aliijua kazi anayoituma, na aliijua akiwa na akili zake zote.

Mtu anayepigania pumzi hawezi kuita hivyo. Hawezi pia kukataa, hasa kama anayemwomba ni daktari yule yule aliyeshika mtungi wake wa oksijeni. Ndiyo ya mgonjwa wa namna hiyo isihesabiwe. Aulizwe akishasimama kwa miguu yake, na mtu asiye mtabibu wake, ndugu yake akiwa pembeni, na aelezwe kisa cha yule mwanamke wa Kenya kabla hajajibu. Aliyefariki asirushwe bila familia kuona kwanza na kukubali. Na kabla ya kamera yoyote kupita getini, hospitali iwe imeshatafuta simu, dirisha au ukuta wa plastiki, na kwa njia hiyo mama aliyezuiwa nje awe ameshamwona mwanawe. Mtazamaji wa nyumbani hawezi kumtangulia.

Kanuni hizi Wizara ya Afya, RMC na wakuu wa hospitali wanaweza kuziandika katika mwezi usio na mlipuko wowote, mezani, bila haraka. Zikingoja tangazo la ugonjwa mwingine zitaandikwa usiku mmoja, na aliye na hofu zaidi ndiye atakayeshika kalamu.

Nawe msomaji, ikitokea siku kamera imesimama mbele ya kitanda cha mtu wako, uliza ni ya chombo gani, picha itarushwa wapi na nani ameruhusu. Una haki ya kusema hapana. Na kama siku ile ulisema ndiyo kwa sababu ya hofu au uchovu, sheria ya 2021 inakuruhusu kurudi na kuiondoa ndiyo yako.